Utani, Dhihaka na Mzee Ojwang

Yapo maswali ambayo binadamu huyajibu kila siku kwa kitendo kabla hajayafikiri. Mojawapo ni hili: mtu ana haki gani ya kuchukua lafudhi ya jirani yake, mwendo wake na namna yake ya kuvaa, akaviweka mbele ya hadhara ili watu wacheke? Wanafunzi huliona swali hili kuwa dogo, kwa kuwa wao hulitenda kila wakati wa mapumziko. Mimi pia nililiona dogo kwa miaka mingi. Katika insha hii nitalichunguza kwa njia ya maisha ya mchekeshaji mmoja, Mzee Ojwang wa Kenya, ambaye kwetu sisi wa Tarime alikuwa jirani kwa namna ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam hawakuijua.

Nkende iko Tarime, na kutoka Tarime hadi mpakani Sirari si safari ya kutwa. Ng'ambo ya Sirari ni Isebania, na huko Wakurya ni walewale, koo zilezile, na ng'ombe wanaofanana hata kwa alama. Mkoloni alipochora mpaka wake aliupitisha katikati ya nyumba za watu. Upande wa magharibi, kuelekea ziwani, wako Wajaluo wa Rorya, ambayo hadi mwaka 2007 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime; nao vilevile wana ndugu zao Kenya. Basi tumeishi hivyo, Wakurya na Wajaluo, tukiuziana samaki na mahindi, tukioana mara chache, na mara nyingine tukiibiana mifugo na kupigana. Sisemi haya kwa fahari. Nasema ili msomaji ajue kwamba kwetu sisi lafudhi haikuwa jambo la kuchekesha tu. Mtu alipofungua kinywa tulijua mara moja ni wa nani.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilitutangulia kwa takriban miaka ishirini, lakini Zanzibar ni mbali na Nkende. Kwa hiyo sisi vijana wa mpakani, katikati ya miaka ya 1980, tulivuka. Palikuwa na muuza duka huko Isebania aliyekuwa na televisheni ndogo iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Jioni ya kipindi aliiweka juu ya meza, akaielekeza mlangoni, nasi tukakaa nje juu ya mabenchi na magunia. Aliyenunua soda alikaa mbele. Sisi ambao hatukuwa na fedha za Kenya tulisimama nyuma, tukinyoosha shingo.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Ojwang kwa mara ya kwanza, katika mchezo wa Vitimbi. Kituo kilikuwa bado kinaitwa Sauti ya Kenya. Jina la KBC lilikuja mwaka 1989. Ojwang alikuwa Mjaluo mtu mzima, mwenye miwani na koti, mume wa Mama Kayai. Alikuwa mjanja ambaye ujanja wake ulimrudia mwenyewe, na baba wa nyumba ambaye amri zake hazikufika mbali. Kiswahili chake kilikuwa cha kanda ya ziwa, kizito, chenye madoido. Kijaluo hakina sauti ya sh wala ya z. Kwa hiyo "shule" kinywani mwake ilikuwa "sule", na "mzee" alikuwa "msee". Tulicheka hadi tukaegemeana. Nakumbuka pia kwamba katika mabenchi ya mbele walikuwako wavuvi Wajaluo, watu wazima, nao walicheka kuliko sisi. Wakati huo sikulitilia maanani jambo hilo.

Jina la kweli la mtu huyo lilikuwa Benson Wanjau. Alizaliwa mwaka 1937, na hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu.

Naomba mwalimu atakayesoma insha hii na wanafunzi wake asimame hapa kidogo. Kikikuyu na Kijaluo hazina udugu wowote wa lugha; moja ni ya Kibantu, nyingine imetoka kaskazini pamoja na watu wa mto Nile. Mkikuyu akisema Kiswahili, taabu yake ni l na r, kama ilivyo taabu yetu sisi Wakurya, na kwa ajili hiyo twachekwa. Wanjau alilazimika kwanza kuivua lafudhi yake mwenyewe, kisha kuvaa ya mwingine, na kuivaa kwa uzuri hata wenye lafudhi yao wakadhani ni ndugu yao. Tena hakuivaa kwa jioni moja ya sherehe. Aliivaa kwa miaka zaidi ya thelathini, wiki baada ya wiki, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likawa kama ndilo la bandia. Barabarani Nairobi hapakuwa na aliyemwita Wanjau. Kazi hiyo si ya mtu anayedharau anachokiiga. Mwenye dharau huridhika na sauti mbili tatu zilizopotoka, basi. Hana subira ya kusikiliza zaidi.

Lakini hapa naona nimeanza kumtetea kabla sijaeleza shtaka. Shtaka langu simletei yeye. Ninajiletea mwenyewe.

Nilipofika sekondari, katika darasa letu alikuwamo kijana mmoja Mjaluo aliyetoka pande za Rorya. Alikuwa hodari wa hesabu na mwenye sauti nene. Siku ya kwanza mwalimu alipomwambia asimame ajitambulishe, alitamka neno "shule" kama Ojwang alivyolitamka. Nami, nikiwa nimeketi nyuma yake, nikanong'ona, "Mzee Ojwang." Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Tangu siku hiyo hakuwa na jina jingine. Vijana ambao hawajaona televisheni maishani mwao walimwita Ojwang, wakaiga sauti ambayo hawajaisikia, na kila alipojibu swali palikuwa na mtu wa kurudia jibu lake kwa sh iliyogeuzwa s. Kufikia muhula wa pili aliacha kunyoosha mkono. Alikuwa akiandika majibu yake katika daftari na kumpelekea mwalimu baada ya kipindi. Mimi nilisifiwa kwa uchekeshaji wangu, na nadiriki kusema kwamba sifa hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kutunga mashairi. Mwanzo wa ushairi wangu ulikuwa pale.

Sasa tulinganishe. Lafudhi ni ileile na jina ni lilelile. Mabenchini Isebania wavuvi walicheka na kurudi nyumbani wamechangamka. Darasani kijana mmoja alinyamaza miaka minne. Tofauti ilikuwa wapi?

Wapo watakaosema kwamba tofauti ni mchezo na maisha: la jukwaani ni la jukwaani, wala halidhuru. Jibu hilo halinitoshi. Mwalimu Nyerere alitafsiri mchezo wa Shakespeare, akauita Mabepari wa Venisi, nao ukatoka mwaka 1969. Vizazi vingi vya wanafunzi wetu vimemjua Shylock kwa njia hiyo. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza mwaka 1290, na Shakespeare alipoandika, zaidi ya miaka mia tatu baadaye, watu wa London waliomcheka Myahudi jukwaani walikuwa karibu wote hawajapata kuwa na jirani Myahudi. Mchezo huo una maneno ya kumtetea Shylock, tena mazito. Lakini kwa karne nyingi watu walichukua pua na sauti, wakaacha utetezi. Nami huona kwamba Mwalimu, kwa kuchagua neno "mabepari" tena kwa wingi, aliiondoa lawama katika kabila la mtu mmoja akaitandaza juu ya tabia ya wote wanaoabudu mali. Hilo ni wazo langu. Msomaji ana ruhusa ya kulikataa. Ninalosisitiza ni kwamba jukwaa laweza kudhuru, na hudhuru zaidi pale ambapo anayechekwa hayupo kati ya watazamaji kujibu.

Pale Isebania alikuwapo. Alikuwa mbele, ana soda mkononi.

Katika nchi yetu tunayo desturi ambayo naamini inatupa kipimo bora kuliko vitabu vya wageni, nayo ni utani. Vijana wa leo hutumia neno hilo kwa maana ya mzaha wowote. Wazee hawakulitumia hivyo. Utani ulikuwa mkataba. Wanyamwezi na Wazaramo walifanya utani kutokana na safari za misafara ya kwenda na kutoka pwani, ambapo mgeni alihitaji maji, njia na mahali pa kumzika mwenzake aliyekufa safarini. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya miaka ya 1878 na 1882, wakashindwa kumalizana, na wajukuu wao wakawa watani. Katika utani unaweza kumtukana mtani wako, kumwita mtumwa wako, kumnyang'anya kuku wake, naye asikasirike. Lakini siku ya msiba wake unafika bila kuitwa. Watani huchimba kaburi, hushughulika na maiti, na katikati ya kilio wao huigiza: humwiga marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyodai madeni yake, mpaka wafiwa wenyewe wanacheka huku machozi yanawatiririka. Hakuna anayewaambia kwamba wanamdhihaki marehemu. Wamepata haki ya kumwiga kwa sababu wao ndio wanaomzika.

Kwa kadiri ya ufahamu wangu, hilo ndilo linalotenga utani na dhihaka. Maneno yanaweza kuwa yaleyale. Mtani amejifunga kwa wajibu, na pia amekubali kuchekwa kwa zamu yake. Mwenye dhihaka hachekwi, wala hana wajibu. Akishacheka anakwenda zake. Mimi darasani sikuwa na wajibu wowote kwa kijana yule. Alipougua malaria nikiwa bweni moja naye, sikumpelekea hata maji.

Je, Mzee Ojwang alikuwa mtani au mwenye dhihaka? Tutazame alichokionyesha. Katika Vitimbi hakuwa Mjaluo peke yake kati ya watu wasio na kabila. Wenzake nao walikuwa na lafudhi zao, kila mtu na mkoa wake, na ujinga uligawanywa sawasawa. Ojwang alikuwa na nyumba, na mke mwenye akili aliyemjibu, maana Mama Kayai, aliyechezwa na Mary Khavere, hakuwa mwanamke wa kunyamazishwa. Alikuwa na fahari, woga, deni na huruma. Ukiiondoa lafudhi, mtu alibaki. Wangeweza kumfanya Mkamba au Mmeru na kisa kingeendelea. Nadhani hicho ndicho wavuvi wale walichokiona haraka kuliko mimi. Mjaluo wa televisheni alikuwa mume wa mtu, na mimi nilichokuwa nimebeba kurudi nacho shuleni ilikuwa ni s yake tu.

Hata hivyo sitaki kuitakasa kazi ya mtu kuliko ilivyo. Kicheko cha makabila, hata kilicho chema, huwazoesha watu kumtambua mwenzao kwa ulimi wake kabla ya kumtambua kwa jina. Kenya ilionja uchungu wa jambo hilo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika machafuko yale, na penye vizuizi vya barabarani watu waliulizwa majina na lugha zao. Wajaluo na Wakikuyu, waliokuwa wakicheka pamoja mbele ya kioo kimoja, walikuwa miongoni mwa waliosimama pande mbili. Nilijiuliza wakati ule, nikisikiliza redio nyumbani, Mkikuyu mwenye ulimi wa Kijaluo angepita kizuizi kipi. Sidai kwamba vichekesho vilileta vita. Vita vililetwa na siasa na ardhi. Wala sitakubali mtu aniambie kwamba vichekesho vingeweza kuvizuia. Mchekeshaji hana jeshi.

Turudi kwenye wajibu, maana hapo ndipo sisi watazamaji tunapoitwa mbele. Nimesema mtani hulipa kwa kuzika. Basi watazamaji waliocheka miaka thelathini walimlipa nini Ojwang? Mwaka 2012 habari zilienea kwamba mzee anapoteza nuru ya macho na hana fedha za matibabu. Mtu ambaye nchi nzima ilimjua kwa miwani yake hakuwa anaona. Wasamaria wakachanga, akapasuliwa macho, akaona tena. Tarehe 12 Julai 2015, siku ya Jumapili, alifariki katika Hospitali ya Kenyatta kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 78. Na michango ikaitishwa tena. Alizikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi.

Wengine husema michango ile ni ushahidi wa upendo. Ni kweli, na nawasifu waliotoa. Lakini mtumishi wa serikali kama mimi, ambaye mshahara wangu ni mdogo ila pensheni ipo, siwezi kuacha kuona kwamba karani aliyepiga chapa ratiba ya vipindi alikuwa na uhakika wa uzee wake kuliko mtu ambaye vipindi vilitazamwa kwa ajili yake. Wala hili si la Kenya peke yake. Kwetu, Amri Athuman wa Tanga, ambaye Watanzania walimwita Mzee Majuto, alianza kuchekesha angali mtoto katika miaka ya 1950, akaendelea jukwaani na katika filamu hadi uzeeni. Mwaka 2018 alipougua alipelekwa India kwa matibabu, na mwaka huohuo mikataba ya wasanii, pamoja na yake, ikawa jambo la kuzungumzwa na Serikali. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti. Picha yake ilikuwa imeuza bidhaa nyingi madukani. Sitasema zaidi kuhusu bei yake, kwa kuwa mikataba ile sijaisoma.

Nilipoajiriwa na kupelekwa Dar es Salaam nilipata zamu yangu. Ofisini niliitwa "Mura", neno letu la kumwita kijana aliyetahiriwa, likitamkwa na watu wasiojua maana yake. Kila lilipotokea gomvi, mtu alisema kwa sauti kwamba Mkurya asichokozwe, kisu kiko mezani, ilhali mezani kwangu kulikuwa na mhuri na faili. Nilicheka pamoja nao. Mtu hucheka, ukikasirika umethibitisha wanalosema. Mmoja wao alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, naye alizidi wote kwa kunitania. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyepanda basi pamoja nami, safari ya kutoka pwani hadi Tarime, akalala kwenye mkeka kwetu Nkende siku nne, akawa anawachekesha shangazi zangu kwa kuiga Kikurya ambacho hakukijua hata kidogo. Wale wengine walituma rambirambi. Tangu hapo nilijua katika ofisi ile nina mtani mmoja.

Mwezi Agosti 2015, nikiwa likizo, nilikutana na mwanafunzi mwenzangu yule katika mgahawa mmoja Musoma. Alikuwa mhasibu karibu na kustaafu, mvi zimemjaa. Nilimwita kwa jina lake, lile alilopewa na baba yake, na nilitamka polepole kama mtu anayejaribu daraja. Tuliagiza chai na samaki. Nikatafuta namna ya kuanza, nikashindwa, mwisho nikasema tu kwamba Ojwang amefariki.

Akasema amesikia. Akasema baba yake, ambaye alikuwa bado hai huko Rorya, aliposomewa gazeti kwamba marehemu alikuwa Mkikuyu, alikataa katakata. Mzee alisema waandishi ni waongo, kwamba yule alikuwa mtu wao, na kwamba aliwahi kumwona kwa macho yake huko Isebania, katika televisheni, akigombana na mkewe sawasawa na mjomba wao fulani. Alidai apewe nauli aende matangani.

"Wewe je, ulimchukia?" nikamwuliza.

"Ojwang? Hata kidogo," akasema. "Nyumbani tulikuwa tukimwiga kila jioni. Baba ndiye aliyekuwa hodari zaidi." Akanyamaza, akatoa mwiba wa samaki kinywani akauweka pembeni mwa sahani. "Niliwachukia ninyi."

Nilimwomba radhi. Alinitazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono akachukua kipande cha samaki kutoka sahani yangu, kikubwa, bila kuniuliza, akakila.